Mlango Uliopanuliwa Jeneza Lipite

Bwana ni mwema, ndugu zangu, na wema wake nimeuona kwa macho haya. Mchungaji amesema niandike, kwa sababu nikisimama mbele nasahau nilikoanzia na watu wanachelewa chakula. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Muhoroni, kwenye miwa. Samaki nilimjua nilipoolewa. Lakini pale mtaa wa Obunga, Kisumu, nimekaanga mgongo wazi mpaka watoto wote wakaondoka nyumbani. Mgongo wazi ni ule mfupa wa mbuta unaobaki kiwandani wakishatoa nyama. Watu huudharau mpaka waonje. Haya, nimeshaanza kupotea.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi nikishika samaki waliotoka kwa barafu, vidole vinakuwa vyeupe kama chaki, halafu buluu, halafu vinawaka. Nikavaa soksi za mzee mikononi. Baadaye ngozi ikakaza, ngumi ikakataa kufunga, mdomo ukawa mdogo hata kijiko kinagonga meno. Na uso, ndugu zangu, uso ulinyooka, mikunjo yote ikaenda. Jirani yangu Mama Wambui, muuza viazi, alinivuta kando.

"Mama Achieng, siku hizi unapaka nini? Usininyime."

"Napaka ugonjwa."

"Basi baki nao."

Tulicheka. Lakini nikibeba ndoo ya maji, pumzi inakatika kabla sijafika mlangoni.

Kwetu Wajaluo, mwili ukigeuka hivi watu hutafuta chira, yaani laana ya mwiko uliovunjwa. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, alikuwa na jibu tayari: hatukuwa na boma. Ni kweli. Tulikuwa tumezeekea kwenye nyumba ya kupanga, na kwetu mke hazikwi bila nyumba yake kwenye boma la mumewe. Maiti italala wapi?

Tulienda hospitali Kisumu. Daktari, kijana mwenye miwani, alinifinyafinya vidole, akasikiliza mapafu, akataja jina refu. Akasema ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa, na huweza kuingia mpaka ndani ya mwili. "Hauna dawa ya kuuondoa kabisa," akasema. Mume wangu akasimama hapo hapo, akatoka kumpigia ndugu yake simu. Nikamfuata. Daktari alikuwa bado anaongea.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliposikia hauna dawa, tulisikia matanga. Wengine wangetafuta daktari mwingine, sisi tukatafuta mabati.

Nyumba ilijengwa kwao mume wangu, si mbali na Luanda Kotieno, kule feri ya Mbita inakotia nanga. Haikuchukua muda, watu wakiharakisha kifo hawachoki. Mimi nilikaa kwa kiti nikitazama. Siku ya mlango, fundi alipima, shemeji akasema, "Ongeza."

"Mzee, huu ndio mlango wa kawaida."

"Ongeza kidogo."

"Lakini mama mwenyewe ni mwembamba."

"Si yeye. Ni wale wa kubeba."

Nikawaambia, "Hebu kwanza nipite mimi nikiwa wima." Fundi aliangusha futi. Shemeji akasema hakujua kama nasikia. Nikamwambia kilichokaza ni ngozi, masikio bado.

Tukahamia. Kliniki sikurudi. Watu walikuja kunisalimia kwa sauti ya chini, wakiangalia dari. Niliacha hata kuchagua mboga ya kupika. Ndugu zangu, hicho ndicho kilikuwa kifungo changu. Mwili ulikuwa mgonjwa, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazikwa.

Kisha kichwa kikaanza kuuma kama kinapasuliwa, macho yakajaa ukungu, mkojo ukapungua. Shemeji akapiga simu kila mahali. Shangazi ya mume wangu akavuka na feri kutoka Mbita, na kama desturi yetu, akaanza kulia kutoka langoni, akinitaja kwa majina ya sifa, mpaka akafika kitandani. Tukatazamana.

"Kumbe bado?" akauliza.

"Bado, shangazi."

Akapangusa macho. "Basi nipeni chai."

Alikuwa hajamaliza kikombe mchungaji alipoingia. Nilidhani atanikabidhi kwa Bwana. Akaomba maombi mafupi sana, akasema, "Amina. Sasa tafuteni gari."

Shemeji akasema, "Mchungaji, daktari alisema hauna dawa."

"Alikuambia wewe?"

Ndipo mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, akasema, "Daktari alikuwa hajamaliza. Mimi ndiye nilitoka." Akakamata kitanda upande wa kichwa, shemeji akakamata upande wa miguu, wakanitoa nimelala vile vile. Ule mlango wa jeneza haukugusa kitanda popote. Mimi nilikuwa juu ya kitanda, nikipumua. Bwana apewe sifa.

Hospitalini nilikutana na kijana yule yule wa miwani. Presha ilikuwa juu vibaya na figo zimeanza kushindwa. Wakanipa dawa ya kuteremsha presha na kulinda figo, nikakaa wadi mpaka nikachoka na uji wao. Nilipopata nguvu nikamuuliza, "Daktari, nimebakisha nini?"

"Mama, leo utakaa mpaka nimalize," akasema, akavuta kiti. "Wako wanaokwenda upesi, siwezi kukuficha. Na wako wengi wanaoishi nao miaka na miaka. Sijui wewe uko wapi kati yao. Kinachoamua sana ni mapafu, moyo na figo. Tukiviangalia mapema, tunaviwahi. Ukikaa nyumbani ukingoja, havikungoji."

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza siku ya kliniki.

Sikuponywa, ndugu zangu, sitawadanganya mbele za Bwana. Vidole ni hivi hivi. Nakula kidogo kidogo, nalala nimeinuliwa kwa mito, nameza dawa, napuliza mashine yao ya mapafu hata kama inanipa kizunguzungu. Lakini nyumba ile sasa ina moshi wa jiko na kelele za kuku. Mume wangu ananitolea miiba ya samaki na kujisifu kwa wageni kwamba yeye ndiye mpishi. Uongo mtupu, lakini nimeridhika. Nani ataomba zaidi?

Wewe uliyeambiwa ugonjwa wako hauna dawa ya kuponya, usitoke chumbani. Kaa, uliza swali la pili: basi nitaishije? Mtumaini Mungu na ungoje jibu lote. Na kama vidole vyako vinabadilika rangi kwa baridi na unaogopa kusema, nitafute baada ya ibada, ukae nami. Mkono wangu ni mgumu na una ubaridi, lakini unashika.