Mzizi Kwenye Chupa ya Jemu

Benchi letu liko kati ya kinyozi, ambaye ndiye mimi, na kibanda cha Fundi Saa. Kahawa tunaletewa na Shangazi, maneno tunajiletea wenyewe. Wiki ya tatu sasa, juu ya meza ya Fundi Saa, katikati ya saa mbovu zenye vikaratasi vya majina na tarehe za kuchukuliwa, kuna chupa ya jemu yenye maji na kijiti kimoja cha mmea. Marehemu mkewe aliutunza mmea huo chunguni miaka kumi na miwili. Alipofariki, Fundi Saa akawa anaumwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa uchungu tu, mpaka mizizi ikaoza yote. Kijiti hicho ndicho alichookoa. Leo asubuhi alituita kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu msiba.

— Njooni! Kimetoa mzizi!

Akatukabidhi lenzi yake ya kubana jichoni, ambayo hata mimi jirani yake sikuwahi kuishika. Tukachungulia kwa zamu.

— Mama yangu! — Dobi akapiga kelele. — Mweupe pe! Halafu una vinyweleo kama shingo ya kichanga!

— Bila udongo? — Shangazi akatua birika. — Sasa unakula nini?

— Mwanga — akasema Profesa, karani aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kujua. — Unakunywa maji, unakula mwanga. Udongo ni godoro tu.

— Kumbe! Basi mimi ninayeshinda mikono majini, ningetulia kidogo tu ningeota!

— Wewe uote nini, Dobi, na uvivu huo? — nikamuuliza.

— Nyie chekeni — Shangazi akasema. — Mmea unasikia. Wiki tatu unazisikiliza saa zilizopona zikigonga, ukaona bora nao uendelee.

— Zaidi ya hapo — Dobi akashusha sauti. — Huo mzizi umetoka kumtafuta marehemu. Unautafuta ule mkono uliouzoea.

Hakuna aliyemcheka. Fundi Saa alikuwa ameinamia chupa, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo.

Ndipo akafika mama mmoja na saa yake iliyosimama. Akaiona chupa.

— Mzuri jamani. Mmea huu unaitwaje?

Fundi Saa akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake.

— Sijui, mama. Mke wangu ndiye aliyejua. Miaka yote hiyo, sikumuuliza.

Akavuta kikaratasi kimoja cha vile anavyofunga kwenye saa za wateja. Yule mama akasogea kutaja jina lake, akidhani ni chake. Lakini penye jina la mwenyewe Fundi Saa aliandika jina la mkewe, taratibu, kwa herufi kubwa, akakifunga kwa uzi shingoni mwa chupa.

Penye tarehe ya kuchukua hakuandika kitu.