Sabuni ya Nyanjige na Neno la Sista

Kijiwe cha Nyanjige, hapa Bariadi mjini, ni benchi la miguu mitatu na tofali, na birika lisilopumzika. Hapo dunia hupangwa upya kila asubuhi. Kahawa ni kazi yake ya kila siku, na Jumamosi nyumbani hupika sabuni ya mawese. Jana Sista Mektilda wa hosteli ya wasichana alimwambia atachukua sabuni yake mwaka mzima, ila kwanza amwandikie kama mafuta yake ni endelevu. Oda hiyo Nyanjige aliitaka mpaka usingizi ukamruka, na neno lenyewe halijui. Basi akawauliza wateja wake, jambo ambalo mtu mwenye haraka hafanyi.

— Endelevu maana yake hayaishi, akasema Mabula, ambaye kwa kuongea wamembatiza Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge. Unakaanga maandazi leo, kesho, mpaka Nanenane, mafuta yako palepale.

— Hayo si mafuta, ni majini! akasema mzee Limbu. Huyu alipima pamba miaka thelathini, wanamwita Mizani.

— Mzee, wewe ulipima pamba na kidole juu ya mizani. Leo utatupimia neno? akasema Hansadi.

— Kidole kilikuwa kinajishikiza tu. Sikilizeni. Huko yanakotoka mawese wanafyeka msitu wapande michikichi. Nyani wanakosa kwao, wanahama.

— Wanahamia wapi?

— Meatu! Nani kamaliza mahindi ya shemeji yangu kule Mwandoya?

— Nyani wa Mwandoya ni wa kwetu, Mizani. Ukiwafukuza wanakutukana kwa Kisukuma.

Nyanjige akacheka, ingawa roho ilikuwa juu. Anawapenda wazee hawa, hata wakimpotezea muda.

— Baba zangu, Sista anapita saa nne. Niandike nini?

— Andika ndiyo, akasema Mizani. Endelevu ni ngitili tu. Si tunafunga malisho wakati wa mvua, ng'ombe wasiguse, ili kiangazi tukute majani? Na hao wenye michikichi wanafunga msitu, wanachuma pembeni.

— Hapo umenena, mzee, akasema Hansadi.

Wawili hao hawajawahi kukubaliana, na Nyanjige akaona ni ishara njema. Akachukua kalamu.

Pembeni alisimama mgeni na fimbo yake, Salu wa Mwamapalala, aliyekuja mjini kununua dawa ya kupe.

— Mwangaluka, akasalimia kwa Kisukuma. Samahani, mayu, mama yangu. Ngitili yetu naijua. Ng'ombe wa jirani akiingia tunamwona, mwenyewe anatozwa faini. Hiyo ya michikichi analinda nani?

Mizani akamgeukia Nyanjige.

— Aliyekuuzia alisema yanatoka wapi? akauliza Mizani, taratibu.

— Alisema yanakuja na fuso.

Nyanjige akaandika: "Mawese nanunua sokoni. Shamba lake silijui." Akaogopa alichoandika, lakini hakukifuta.

Sista akafika, akasoma, akaikunja karatasi.

— Asante, Nyanjige. Ukilijua, niambie. Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Alipoondoka, Nyanjige akatoa simu, akampigia muuza mawese.

— Halo? Yale madumu yako, shamba liko wapi? Nani analinda msitu wake?

Simu ikakatwa.

Akapiga tena.