Saini Nane za Ishbel Rankine

Marehemu Ishbel Rankine, dada yangu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 mjini Wick, kaskazini mwa Uskochi, akiwa kifungua mimba wa mzee Magnus, muuza makaa ya mawe. Alisoma hapo hapo Wick, kisha chuo kikuu Glasgow, akahitimu mwaka 1980.

Mwaka 1983 aliajiriwa na halmashauri, idara ya nyumba. Huko aliandika mpango wa kuondoa boila za gesi zinazopasha nyumba joto na kuweka mashine za umeme zinazovuta joto la hewa ya nje. Aliuandika mara tano, maana kila waziri mpya alikuja na tarehe zake. Baba alimtania, "Makaa yaliyokusomesha leo unayaita uchafu?" Naye akajibu, "Ndiyo, baba. Kunywa chai."

Aliolewa mwaka 1986 na Alec Purdie, fundi bomba, aliyetutoka 2017. Hawakujaliwa watoto.

Alipostaafu mwaka 2021 alitaka mashine moja ya kupasha joto jengo lao lote la nyumba nane. Ruzuku ya serikali ilidai saini za wenye nyumba wote wanane. Bwana Duggie Baikie wa ghorofa ya chini alikataa miaka miwili, na Ishbel akampelekea supu ya dengu kila Jumapili.

"Supu nakula, saini sitoi."

"Kula tu, jirani. Jumapili narudi."

Septemba 2024 Bwana Baikie alisalimu amri. "Lete kalamu, mama, utaniua kwa dengu." Oktoba ofisi ikarudisha fomu: mpango unapitiwa upya, subirini.

Novemba boila yake ikafa. Nilimsihi anunue nyingine. "Fergus, miaka yote nimewakataza watu. Leo ninunue mimi?" Nyumba ikawa baridi, kifua kikambana. Alilazwa tarehe 9 Januari 2025, akafariki tarehe 14. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Ameacha mdogo wake, yaani mimi, binti yangu Catriona, na majirani saba. Jumatatu ofisi iliandika kwamba mpango umefunguliwa tena, saini zikusanywe upya. Nyumba ya Ishbel haina wa kuisainia hadi mahakama imalize mirathi. Jana Bwana Baikie alinibishia hodi.

"Mimi nimeshasaini tena. Sasa nani anatukwamisha?"

Nikamwambia ni Ishbel.

Mungu ampumzishe penye joto.