Mikono ya Onésime

Ndani ya taxi-bus ya Butembo kwenda Beni, mwaka wa vita, kijana mwenye kujitaja Onésime alimenya yai mbele yangu. Chumvi aliweka kidogo sana. "Mie ni mutu wa sport. Kila asubui ninakimbia. Mayai mbili, maharagi, avoka. Pombe hapana."

Mama wa pembeni yake akamfinya mkono polepole, kama anachagua kuku sokoni. "Lakini mutoto, unajinenepesha kwa nani? Batoto yangu ninabapa majani ya sombe tu, bakonde. Benye nguvu, basoda banababebesha masanduku ya risasi mu pori. Hapana mutu anarudi."

"Mwili ni yangu, mama!" akacheka.

Gari likasimama kwenye bariere ya wanajeshi. Soda mmoja mwenye bunduki akachungulia, akatabasamu: "Humu ndani, nani anakulaka muzuri?"