Fathiya Ana Makazi

Katika basi la Mpendae, Bi Mwatum alimweleza bwana aliyeketi pembeni yake kwamba mafuriko ya masika yamebomoa nyumba ya marehemu kaka yake, na Fathiya, binti wa marehemu, amenyimwa ruzuku ya chuo ambayo Serikali huwapa wanafunzi waliopoteza makazi. "Sheha wetu wa mtaa kasema mtoto ana makazi, maana anakaa kwangu."

"Mwambie ushamfukuza, Bi mkubwa. Kwa mdomo tu."

"Kwa mdomo huu nnaosalia?"

"Basi chuo atakisikia redioni, na wewe sala zako zimetimia."

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao, niliyelelewa bwenini, sina huruma na uongo, na nilikuwa tayari kumkemea yule bwana. Kisha nikakumbuka kwamba ada yangu ililipwa na Serikali, nami sikuulizwa nalala wapi.

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya sheha. Yule bwana alimsaidia Bi Mwatum kushusha godoro jipya la Fathiya, akashauri lipitishwe uchochoroni, sheha asilione.

"Kwani nimeliiba, mwanangu?"

Akajitwika godoro kichwani, akapita mbele ya mlango wa sheha, akatoa salamu kwa sauti.