Aplikasyon ya Siku Sita

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano, ubavuni mwa karakana ya useremala, kule Ndosho, mjini Goma. Ubao una tabia yake: wa kushoto akisimama bila kuaga, wa kulia anajikuta chini, ndiyo maana hata wagomvi wa pale hawasusi wakaondoka ovyo. Kahawa ni ya Mama Rosine, ina tangawizi ya kuamsha hata aliyelala na hasira. Maneno ni ya Maître, yaani Wakili, fundi seremala ambaye hajawahi kuingia mahakamani isipokuwa kupeleka mlango, lakini anamtetea kila mtu na kila jambo kwa methali asizojua matumizi yake. Mbishi wake ni Météo, yaani Hali ya Hewa, dereva wa pikipiki anayetabiri mvua, bei ya makaa na mwisho wa dunia, na hajapatia hata kimoja. Jumamosi ile walikuwapo wote, ila mzaha ulikuwa umewakauka, kwa sababu begi la Niyibizi lilikuwa limekaa benchini kama mtu wa tano.

Prodige aliliangalia begi lile. Yeye ni fundi simu, mzaliwa wa Butembo, na Niyibizi ni rafiki yake tangu darasa la tatu. Mama yake Niyibizi alikuwa hajulikani alipo tangu watu wa kambi ya wakimbizi wa vita waliposambaa, kila mmoja na njia yake, wengine Masisi, wengine Rutshuru. Siku kumi zilizopita Niyibizi alifunga begi akasema anakwenda kumtafuta kwa miguu, kijiji kwa kijiji. Vijana wawili wa mtaa walikuwa wamepita njia hiyo hiyo na mpaka leo hawajarudi. Prodige akamshika mkono, akamwambia ampe siku sita tu, watengeneze aplikasyon ya watu kutafutana, mama apatikane na yeye abaki hai.

Na kweli, siku sita zikatosha. Niyibizi alichora, Prodige akaandika, wakala mihogo mikavu, wakaitoa. Waliiita Niko. Ina vitufe viwili tu: "Natafuta" kwa anayetafuta, "Niko" kwa aliye salama, au jirani aliyemwona akamwandikia. Majina yakifanana, simu zote mbili zinalia. Sasa ilikuwa siku ya nne tangu waitoe. Watu elfu moja na mia tisa walikuwa wanatafuta, mia sita walikuwa wameandikwa wako, na waliokutana walikuwa kumi na mmoja. Mama yake Niyibizi hakuwamo.

— Kumi na mumoja, Niyibizi akasema. Prodige, iyo si aplikasyon. Iyo ni tombola, mambo ya bahati.

— Siku ine tu, ndugu yangu. Ngoja kidogo.

— Nitangoja mpaka saa sita ya mchana. Saa sita ikifika, Météo ananibeba mpaka pale pikipiki zinaishiaka. Kisha pale, ni mimi na miguu yangu.

Météo aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kosa la mwenzake.

— Mimi nilikubali juu aliniomba, akasema. Mutu akikuomba juu ya mama yake, utamujibu nini?

— Tusikimbilie kulia, Maître akasema. Hii dosye, hii kesi, iko wazi. Watu wanaona ile aplikasyon, mais wanajificha. Papa fulani alikimbia bibi yake tangu zamani, vita ikamusaidia. Leo simu inamuuliza: uko wapi? Atajibu niko? Paka akitoka, panya anatawala!

— Paka ni nani pale? Météo akauliza.

— Bibi.

— Na panya?

Maître akanywa kahawa yake taratibu. Huo ndio uliokuwa utetezi wake wote.

— Mimi nawaambia ni rezo ya simu, Météo akasema. Niliwahi kupeleka abiria mpaka Rumangabo. Ukifika pale, simu inaanza kushika rezo ya inchi ingine. Unatuma mesaji Goma, yenyewe inavuka mupaka, inatembea kule, inapita duane ya ushuru, inarudi kisha wiki. Mesaji ya mama ya Niyibizi sasa iko kwenye barrière ya njia. Wanaifungua mizigo.

— Mesaji haina mizigo, Météo, Prodige akasema.

— Wewe njo unafikiri vile. Maneno ya mama iko nzito.

— Kidogo uko na haki, Maître akadakia, kwa kuwa hakupenda mwingine apewe wazo kubwa kuliko lake. Mais sababu iko chini zaidi. Chini ya huu mulima wetu kuna moto. Moto na umeme ni mutu na ndugu yake. Simu ikikaa sana juu ya haya mawe inapata joto, inasahau majina. Mutaka cha mvunguni, ainame!

— Ainame afanye nini? Météo akauliza.

— Apokee rezo. Si nimesema iko chini?

Siku nyingine wangecheka mpaka fundi wa jirani aache randa. Météo hata hivyo hakukubali kushindwa.

— Na parc ya wanyama? Kule parc wanafungaka tembo mashini kwenye shingo, wajue iko wapi. Sasa angani muko mashini ya tembo, muko mashini ya watu, yote inatafuta. Inachanganya! Unafinya "Natafuta", unatafuta mama, inakuletea...

Akayaona macho ya Niyibizi, akaacha.

— Unisamehe, mudogo wangu. Kinywa yangu haina breki.

Niyibizi aliangalia saa ya simu: ilikuwa saa tatu na nusu. Prodige naye alikuwa anapandisha na kushusha orodha kwenye mashine yake, kompyuta ya kupakata, jina kwa jina, bila kuona anachokitafuta. Uchungu wake haukuwa wa aplikasyon tena. Alikuwa amemfungia rafiki yake siku kumi kwa ahadi, na kama mama yule alikuwa mgonjwa mahali fulani, siku hizo kumi zilikuwa mikononi mwake.

Ndipo Mama Rosine, aliyekuwa anasuuza vikombe, akajikausha mikono kwenye kitenge.

— Niyibizi, mama yako ulimuandika nani?

— Mukamugema Dancille. Vile iko kwenye karte, kitambulisho yake.

— Na kwenu wanamuitaka nani?

— Mama Sibomana. Sibomana njo mukubwa yangu.

— Sasa jirani akimuona kule aliko, anataka kumuandika, atasema nimemuona nani? Atamuomba karte kwanza?

Prodige aliacha kupandisha orodha.

— Na mimi? Mama Rosine akaendelea. Miaka saba munakunywa kawa yangu. Jina yangu ni nani?

— Mama Rosine, wakajibu kwa pamoja.

— Ile ni jina ya mutoto. Rosine ako Butembo na bwana yake. Mimi naitwa nani?

Maître alimtazama Météo. Météo aliitazama pikipiki yake.

— Kasoki, mama akasema. Kasoki Julienne. Mutu wa mwisho kuniita vile ni padri, siku ya ndoa. Nikipotea leo, ninyi wote mutanitafuta vibaya.

Prodige alitamani ardhi ipasuke. Yeye, mtoto wa mama ambaye mtaa mzima unamwita Mama Prodige, alikuwa ameweka visanduku vya Nom, Postnom, Prénom, majina matatu ya kiserikali, hivyo hivyo kama fomu ya kuandikisha watoto shuleni, kwa sababu fomu ile ndiyo iliyokuwa karibu na haraka ilikuwa nyingi. Watu walipofika pale walijaza walichojaaliwa. Anayetafuta aliandika jina la karte, aliyeona aliandika jina la kuitwa, na mashine ikakaa katikati ikisema hakuna, hakuna, hakuna.

— Sogea, akamwambia Niyibizi, na Niyibizi akasogea.

Waliandika bega kwa bega kama zile siku sita. Prodige aliongeza kisanduku kimoja, "Wanamuitaka nani?", kisha akaiamuru mashine isome kila "Mama" na kila "Papa" popote palipoandikwa. Maître alishika mwavuli juu ya mashine ili jua lisiwazuie kuona, akiuhamisha kila jua liliposogea. Saa nne na dakika kumi wakaitoa tena, na Niyibizi akawa wa kwanza kujaza kisanduku kile.

Kumi na mmoja ikawa kumi na watatu. Ikawa kumi na tisa. Baadaye thelathini na wanne, na Météo akawa anatangaza kila nyongeza kama mpira umeingia wavuni.

— Mama Sibomana! Prodige akasema. Wako wawili!

Niyibizi alipiga wa kwanza amesimama. Waliona uso wake unavyofunguka, kisha unavyojifunga. Alisema pole mama, samahani, Mungu akusaidie nawe, akakata. Wa pili alikuwa ameandikwa na jirani, mahali penye jina asilolijua. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga mara tano.

— Atawasha, Prodige akasema. Watu wanazimaka juu ya batri.

— Saa sita, Niyibizi akasema.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi hivi alipofika mwanamke mmoja mrefu, kitenge kimefungwa mpaka kifuani, vumbi mpaka magotini. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, kama mtu aliyefika msibani, kisha akauliza kama hapo ndipo kwa vijana wa Niko.

— Njo sisi, mama, Prodige akasema. Karibu. Mama Rosine, mupatie kawa.

— Asante, sitawakawisha. Mimi ni Mama Henri. Niko na swali moja tu.

Akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo.

— Nilikuwa namutafuta mutoto wangu Henri kwa hii Niko yenu. Juzi nilimupata.

Prodige alikwisha kuanza kutabasamu. Alijuta tabasamu lile siku nyingi baadaye.

— Tulimuzika jana, mama akasema. Mais simu inaniandikia kila asubui: "Usikate tamaa, mama, tunamutafuta Henri bado." Na leo pia imeandika. Mimi sikusoma sana. Nifinye wapi?

Maneno yale Prodige aliyaandika mwenyewe, siku ya tano, akayasoma kwa sauti na kujiona amewafariji watu. Aliipokea simu ya yule mama kwa mikono miwili. Kitufe cha "Natafuta", kitufe cha "Niko". Alivitazama kana kwamba cha tatu kingetokea kwa huruma.

— Ile butoni haiko, mama.

— Mulisahau?

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Siku sita, haraka, vijana wawili, nani angemlaumu?

— Hapana, mama. Niliifikiria siku ya pili. Nikamuangalia huyu, nikashindwa kuiandika.

Alimwonyesha Niyibizi kwa kidevu bila kuthubutu kumtazama.

— Mimi niliifikiria siku ya kwanza, Niyibizi akasema polepole. Nikaona vile uko na furaha, nikanyamaza.

Mama Rosine aligeukia ukuta akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, wala hakujificha sana. Prodige alivuta mashine magotini. Angalau hilo aliliweza.

— Mama, nitamutosha, nitamutoa sasa ivi. Dakika moja. Natosha Henri kwa orodha, haitakuandikia tena kabisa.

Akatafuta. Alikuwa pale: Henri, miaka kumi na minane, anatafutwa na Mama Henri. Mashine ikauliza kama ana hakika ya kufuta. Yule mama hakujua kusoma sana, lakini alilitambua jina la mwanawe, akaweka kiganja chake kipana juu ya vidole vya Prodige.

— Ngoja, mutoto wangu. Mimi nimeomba iache kunidanganya. Sikuomba mumutoshe.

— Mama, mashini haijue njia ingine.

— Mukimutosha Henri, akauliza, mimi nitaitwaka nani?

Maître aliusogeza mwavuli juu ya kichwa cha yule mama. Météo akavua kofia. Prodige aliona aibu, na aibu ile ilikuwa haki yake.

Niyibizi alilitoa begi benchini, akaliweka chini kwenye mawe, akampisha.

— Ikala, Mama Henri, akasema.

Mama akakaa. Prodige aliigeuza mashine iangalie mbali bila kufuta kitu. Saa sita ilifika, ikapita. Niyibizi alikuwa amechuchumaa karibu na magoti ya yule mama, anamsikiliza akisimulia mtoto wake alivyokuwa, na siku ile hakuondoka.