Goti la Ngazi

Mbele ya kibanda cha fundi viatu pana benchi lenye miguu mitatu na matofali mawili, na kila anayelikalia anajua sharti lake: wa upande wa matofali akiinuka ghafla, wote wanakwenda chini. Hapo ndipo yanapoamuliwa mambo yote ya mtaa ambayo hakuna aliyeomba yaamuliwe. Lakini Jumatano ile palikuwa na jambo la kweli, lenye muhuri: fomu ya usajili ya timu ya mpira wa kikapu ya mtaa. Ilibaki nafasi moja, ya kumi na mbili, na kabla ya saa tisa alasiri fomu ilitakiwa iwe ofisi ya ligi. Ilikuwa imelala chini ya kopo la gundi. Mwenye kopo, ambaye ndiye pia mwenye sahihi ya mwisho, ni fundi mwenyewe, anayeitwa Soli. Uenyekiti wa timu aliupata kwa sababu uwanja uko nyuma ya kibanda chake, na mpira ukipotea hupotelea kwake.

Swali lilikuwa moja: wamsajili Ngazi au wamwache? Ngazi ni kijana mrefu kuliko wote mtaani. Msimu uliopita aliruka chini ya kikapu, akatua vibaya, kano ya goti ikakatika. Tangu siku hiyo timu imefungwa mechi kumi na moja, mbili kati ya hizo na timu ya shule. Sasa ni miezi tisa. Juzi Ngazi alileta barua ya daktari: mazoezi mepesi ruksa, mechi baada ya miezi miwili, akifuata masharti.

Soli alikuwa kimya akigonga misumari, na ukimya ule haukuwa wa hekima. Alikuwa na lake moyoni. Siku mbili kabla ya mechi ile, Ngazi alimletea kiatu cha kushoto, soli imeachama. Fundi alikipaka gundi na kukishona upesi upesi, sikio moja likiwa kwenye ubishi wa benchi, na uzi wa kisigino hakuurudia mara ya pili kama ilivyo desturi yake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kijana akaanguka. Tangu hapo Soli hajawahi kuuliza ni goti lipi lililoumia. Aliogopa jibu. Na huyu ndiye mtu ambaye mteja akifika tu, kabla hata salamu hazijaisha, humuuliza, "Mguu upi?" Kazi imemfundisha kwamba watu huleta kiatu kizima wakaacha kibovu nyumbani.

— Mguu upi? — alimuuliza mwalimu wa shule ya msingi aliyefika na kiatu mkononi.

— Wa kulia. Kisigino kimeng'oka. Nina kipindi saa sita.

— Kaa hapo mwalimu, weka mguu juu ya boksi usichafuke.

Mwalimu akakaa juu ya kigoda, na benchi likaendelea kana kwamba hakuna mgeni.

— Mimi nasema asajiliwe, — alisema Daktari. Daktari alilinda geti la hospitali miaka ishirini na miwili, na cheo alijipa mwenyewe siku aliyostaafu. — Nimewaona wakiingia wamelala na kutoka wanatembea. Goti likishafungwa upya huwa na nguvu kuliko la mwanzo. Wanalikaza kama waya wa gitaa.

— Waya ukikazwa sana si hukatika? — aliuliza Kinyozi.

— Unakatika kwa asiyejua kupiga. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Goti ndilo hilo, likunjwe sasa, likishakuwa kavu halikunjiki tena.

— Wahenga walimaanisha watoto.

— Na Ngazi ni mtu mzima? Hana hata mke.

Kinyozi akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na mtu wake wa nafasi ya kumi na mbili: mpwa wake, kijana mwenye magoti mawili salama salimini, kwa sababu hajawahi kukimbia.

— Sikilizeni, — alisema. — Mimi Ngazi namnyoa. Kichwa cha mtu hakina siri kwangu. Tangu aumie, nywele za kisogoni zinaota upande mmoja. Mwili umehamisha nguvu! Akiruka atakwenda upande. Ataruka hapa, atue kwa jirani.

— Basi tusogeze kikapu, — alisema Daktari.

— Kikapu hakisogezwi.

— Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu. Tumsajili upesi, kikapu tutakisogeza polepole.

Hapo Mama Birika, muuza kahawa, akaacha kumimina. Anapojiunga na ubishi hutangulia kuweka birika chini, ili mikono iwe huru.

— Nyinyi mnahangaika na kuruka. Kwani lazima aruke? Mtoto ana mikono kama kamba za kuanikia nguo. Mwekeni chini ya kikapu asimame tu.

— Atachoka kusimama, mama, — alisema Kinyozi.

— Basi apewe kiti.

Benchi lote likamgeukia, kwa heshima.

— Sheria inakataza kiti? — aliuliza Daktari.

— Sheria inakataza kusukumana, — alisema Kinyozi. — Kiti sijawahi kukisikia.

— Si mnaona! — alidakia Daktari. — Tena kiti chenye magurudumu, ili ashambulie na kurudi kukaba.

— Na nani anamsukuma?

— Mpwa wako! Kila mtu kapata nafasi. Penye wazee haliharibiki neno.

Soli akapiga msumari ukapinda. Akaung'oa, akachukua mwingine.

— Mwenyekiti, mbona husemi? — Daktari alimgeukia. — Sahihi ni yako.

— Nasema apone kwanza.

— Miezi tisa unasema hivyohivyo! Kapona, barua hii hapa. Kwani benchi hili lina miguu mingapi? Mbona tunalikalia?

— Benchi haliruki, — alijibu Soli, na hakumtazama mtu. Alijua anachokiogopa: Ngazi akirudi uwanjani, siku moja atakuja na kiatu kile mkononi, na mbele ya watu wote kitaonekana kisigino chenye mshono mmoja. Aliona aibu kwa ubaya wa wazo hilo. Kijana ananyimwa mchezo ili fundi aendelee kulala usingizi. Lakini kalamu haikuinuka.

Ndipo mwalimu, aliyekuwa amenyoosha mguu juu ya boksi muda wote, akauliza:

— Samahani wazee wangu. Huyo kijana, ni mguu upi?

— Wa kushoto, — alisema Daktari.

— Wa kulia, — alisema Kinyozi.

— Si yote miwili? — alisema Mama Birika.

Wakatazamana.

— Kwani hamkwenda kumwona hospitali? — aliuliza mwalimu.

— Tulikwenda wote! — Daktari alichukia. — Kamati nzima!

Ni kweli walikwenda, ila kila mmoja alikwenda na yake. Daktari aliishia getini saa nzima, akiwafundisha walinzi wapya namna ya kufungua geti. Kinyozi alisimama upande wa kichwa, akisikitikia namna walivyomnyoa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama Birika alikuta meza imechafuka akaanza kufuta. Na Soli alisimama dirishani, uso kautoa nje, mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

— Mwenyekiti, — mwalimu alimgeukia fundi, — mimi umeniuliza mguu upi kabla sijamaliza kukusalimu.

Soli akainamia kiatu. Masikio yalimwaka moto.

— Ngazi huyo! — Daktari akapaza sauti, akasimama wima.

Naye alikuwa upande wa matofali. Benchi likainama, Kinyozi akateleza akaenda chini na kikombe chake, mguu wake ukapiga birika, kahawa yote ikamwagika barabarani. Ngazi, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo na mfuko wa mazoezi begani, hakukimbia kumdaka mtu. Alisimama palepale.

— Samahani sana, wazee, — alisema kwa huzuni ya kweli. — Daktari amenikataza kuruka ghafla kabla ya kupasha mwili moto.

— Mimi sijakukataza! — alisema Daktari.

— Yule mwingine.

Akatembea taratibu, akamnyanyua Kinyozi, akainama asigonge bati la kibanda.

— Mjomba, nimekuja kuulizia fomu.

Soli akaweka nyundo chini. Swali lilikuwa lake, aliloliuliza mara elfu.

— Mguu upi, mwanangu?

— Wapi?

— Ulioumia. Goti lipi?

— La kulia. — Ngazi aliwatazama mmoja mmoja. — Si mlikuja kuniona?

Daktari akageuka kuyapanga matofali. Soli akaona akiishia hapo atakuwa mwoga hadi kaburini.

— Kile kiatu cha kushoto nilichokushonea. Kisigino sikukirudia uzi. Nimeishi miezi tisa nikidhani ndicho kilichokuangusha.

— Kile? — Ngazi akafungua mfuko, akatoa viatu viwili vyeupe pee. — Tangu ukishone sijakivaa, mjomba.

— Hujakivaa?

— Ulinipa Alhamisi, ukaniambia gundi haijakauka, nisivae mpaka Jumapili. Mechi ilikuwa Jumamosi. Nikaazima vya kaka. Halafu nilitua juu ya mguu wa mtu, hata ningevaa viatu vya chuma ningeanguka tu.

Fundi aliviangalia viatu vile vyeupe. Miaka thelathini amewaambia watu "mpaka Jumapili". Amewaambia mahakimu, mapadri, mashehe, hata mkewe, na wote waliitika, wote wakavaa palepale mbele ya macho yake. Alikuwa ameshaamua kwamba maneno yale ni sehemu ya salamu tu. Na kumbe yuko mmoja.

— Daktari amekupa masharti gani? — aliuliza polepole.

— Asubuhi kunja goti mara thelathini, jioni mara thelathini. Nisikimbie mlimani. Mechi baada ya miezi miwili.

— Nawe unafuata?

— Si ndiyo masharti, mjomba?

Soli akainua kopo la gundi, akachukua fomu, akaandika jina katika nafasi ya kumi na mbili na kutia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

— Na mpwa wangu? — aliuliza Kinyozi, akipangusa kahawa kwenye suruali.

— Atasukuma kiti, — alisema Mama Birika, akilitazama birika tupu.

— Lete hicho kiatu cha kushoto, — Soli alimwambia Ngazi. — Kisigino nakirudia mara tatu. Ila kwanza nimalizie cha mwalimu.

Akapiga misumari miwili ya mwisho, akapaka gundi ukingoni, akampa.

— Gundi haijakauka, mwalimu. Usikivae mpaka Jumapili.

— Sawa, fundi, nimesikia. Ahsante sana, — alisema mwalimu. Akakivaa, akakanyaga chini mara mbili kukijaribu, akaondoka mbio kuwahi kipindi.

Ngazi alimtazama mpaka akapinda kona, macho yamemtoka.

— Mjomba, — alinong'ona, — amevaa!

— Ndivyo walivyo, mwanangu, — alisema Soli, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi akacheka. — Leta kiatu.